Mnavu wa mama yangu ni mmoja au ni watatu? Tulipeleka majani maabara, tukarudi na majina sita

MtotoWaMboga (mleta mada)
Wakuu, mwangaluka.

Juzi kwenye ule uzi wa mnavu pori watu nusura washikane mashati: una sumu, hauna sumu. Mmoja akafunga mjadala kwa kusema "pelekeni DNA mjue jina lake, kazi kwisha." Nilikuwa kwenye daladala ya Igombe, nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Hiyo DNA tulishawahi kuipeleka. Ngoja niwasimulie.

Mama yangu anauza mboga soko la Kirumba, hapa Mwanza, tangu sijaanza darasa la kwanza. Mezani kwake mnavu ni wa aina tatu. Upo wa kulimwa, jani pana kama kiganja, tunda kubwa la zambarau iliyokoza hadi kuwa nyeusi. Upo mdogo mdogo unaojiotea kwenye mahame na kando ya mawe, tunda lake dogo jeusi linang'aa. Na upo wa tatu, huu hauonekani kila msimu, tunda likiiva linakuwa rangi ya chungwa. Mbele ya mteja yote ni mnavu, bei moja. Lakini akipanga mafungu hachanganyi hata siku moja. Ukimuuliza anakwambia tu, "Haiivi sawa."

Miaka kadhaa nyuma alikuja dada mmoja anasoma shahada ya uzamili, anatafuta minavu ya porini. Nikawa kibarua wake: kubeba begi, kumwonyesha vichochoro, kuongea na wazee kwa Kisukuma pale Kiswahili kilipogoma. Tukazunguka Igombe, Kayenze, nyuma ya mawe ya Nyegezi, Usagara, mpaka tukavuka Kigongo kwa kivuko kwenda Sengerema (daraja lilikuwa bado).

Kila mmea tulikata majani machanga mawili matatu, tukatia kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ikaingia kwenye mfuko wenye chembe za silika. Mnazijua, ni zile za kwenye vifuko ndani ya boksi la viatu. Mimi nikashauri tuanike tu juu ya jiwe kama michembe, maana mawe yetu saa saba mchana yanakaanga. Dada akasema hapana, jani likikauka polepole linaanza kujila lenyewe, vinasaba vinakatika vipande vipande. Silika inakausha haraka, vinabaki vizima.

Hapo tulifanya vizuri. Tulikoharibu ni kwingine. Namba za bahasha tuliandika kwa kalamu ya wino. Halafu ile kazi ya kubana mmea mzima kwenye magazeti, na ua lake na tunda lake, tuliona inatuchelewesha, mvua inakuja, tukawa tunairuka. Tukajiambia vinasaba vitasema vyenyewe.

Majibu yaliporudi: kipande cha jeni iitwayo rbcL kilisomeka vizuri kabisa, na kila sampuli ikafanana asilimia mia na majina sita tofauti ya Solanum, jenasi ya minavu. Sita! Bahasha kadhaa hazikuwa na namba tena, ni doa la bluu tu, unyevu wa ziwa ulishapita nazo. Na ule wa chungwa wa nyuma ya jiwe pale Igombe, ambao dada aliutaka kuliko yote, tuliporudi kuuangalia tukakuta msingi wa nyumba umeshachimbwa.

Kwa hiyo anayesema "pelekeni DNA" aje hapa aniambie tulikosea wapi. Mimi nina jibu langu ila nataka kusikia.

JiweJuuYaJiwe
Chai hii mkuu. DNA inajua mtoto ni wa nani, itashindwaje kujua mnavu?

MtotoWaMboga
Mkuu, kwenye kesi ya mtoto kuna baba amekaa pale naye katolewa mate. Analinganishwa. Sasa mpime mtoto peke yake, baba hayupo, mashine itakutajia jina la nani? Mnavu ni hivyo hivyo. Jina linatoka kwa mtu aliyewahi kuukausha mmea, akaubana, akautambua kwa macho, ndipo akapima. Kama huyo alikosea jina, na wewe unarithi kosa lake.

Kitororo
Nipo pale nimekaa. Wajuzi waje.

DamuYaMaabara
Nafanya kazi hizi, japo si za mnavu. Mleta mada una hoja lakini unailaumu DNA kwa kosa la fundi. Mliokota spana namba 17 kufungua nati namba 10.

rbcL ni jeni ya kloroplasti, yaani ile sehemu ya kijani ya jani. Inabadilika polepole mno. Kwa sababu hiyo inafaa kujua mmea ni wa familia gani au jenasi gani, na miaka ya 1990 ndiyo iliyotumika kupanga upya ukoo mzima wa mimea yenye maua. Mwaka 2009 wataalamu walikubaliana kutumia rbcL pamoja na jeni nyingine, matK, kama msimbo wa kutambulisha mimea ya nchi kavu, wakijua wazi kwamba kwa spishi zilizo ndugu wa karibu hautatosha. Wenzetu wa wanyama walipata bahati, wana jeni moja ya mitokondria, COI, inawatenganisha samaki na ndege vizuri tu tangu 2003. Kwa mimea mitokondria imelala usingizi, haibadiliki kiasi cha kukusaidia.

Kwa minavu mlitakiwa kwenda kwenye alama zinazosoma kiini cha seli. AFLP, kwa mfano: unakata vinasaba vyote kwa vimeng'enya, unavizidisha baadhi ya vipande kwa PCR (njia ya kunakili vinasaba), unavitandaza kwenye jeli kwa umeme, unapata mistari mingi kama msimbo wa bidhaa dukani. Mmea huu una mstari hapa, ule hauna. Unahesabu, kompyuta inachora nani yuko karibu na nani. Au maikrosatelaiti, zile sehemu ambazo herufi mbili tatu zinajirudia kama mtu mwenye kigugumizi, na idadi ya kujirudia inatofautiana kati ya mmea na mmea.

Kingine. Kloroplasti kwenye mimea mingi ya maua hurithiwa kwa mama tu. Kama huo mnavu wenu ni chotara, rbcL itakupa ukoo wa mjomba na kumficha baba kabisa.

JiweJuuYaJiwe
Sasa hapo umesomeka. Nafuta neno chai.

Mwl_Sengerema
Nafundisha baiolojia, naomba niongezee kitu ambacho wanafunzi wangu hukielewa haraka kuliko jeli.

Seti ya msingi ya kromosomu kwenye minavu hii ni 12. Mnavu mdogo wa tunda jeusi linalong'aa (Solanum americanum, wengine huuita nodiflorum) una 24, seti mbili kama sisi. Ule wa chungwa (Solanum villosum) una 48, seti nne. Ule wa kulimwa wa jani pana (Solanum scabrum) una 72, seti sita. Sasa mrudieni mama wa Kirumba na mafungu yake matatu: kashatenganisha 24, 48 na 72 bila darubini.

Na Solanum nigrum wa Ulaya, ambaye jina lake watu hulibandika kwenye kila mnavu wa Afrika, naye ana 72. Wataalamu wengi wanaona alitokana na wa 48 kukutana na wa 24, kisha seti zote zikabaki. Hesabuni wenyewe: mbegu ya kiume na ya kike hubeba nusu, 24 na 12, jumla 36, halafu ikajirudufu.

Ndiyo maana hata maikrosatelaiti zinasumbua hapa. Mmea wenye seti sita unaweza kukuonyesha hadi matoleo sita ya alama moja, hujui lipi limetoka kwa nani.

Bibi_Sangabuye
Wajukuu zangu, mimi nimewasoma wote. Sisi tulijua bila mashine. Ule mdogo ni mchungu, unachemsha unamwaga maji ya kwanza, unaunga kwa karanga au maziwa. Ule mpana hauna haja ya kumwagwa maji. Na tunda bichi la kijani mtoto hapewi. Hayo yote mnayatafuta wapi tena?

MtotoWaMboga
Shikamoo bibi. Kwenye kupika sina ubishi, na la tunda bichi uko sahihi kabisa, sumu ya minavu imejazana kwenye tunda la kijani, ndiyo solanini wanayoisema. Ila bibi, ule wa chungwa kwenu mnauitaje?

Bibi_Sangabuye
Marahaba. Huo tulikuwa tunaung'oa. Tulisema ni mnavu wa mbuzi.

MtotoWaMboga
Mnaona? Kirumba unauzwa, Sangabuye unang'olewa. Ukimuuliza bibi unapata jibu, ukimuuliza mama unapata jingine, na wote wawili wanaujua mmea. Ndiyo maana dada yule alikuwa anataka kitu kisichobadilika ukivuka kilima.

FuruMkavu
Naingia kwa upande wa ziwa maana naona mimea imewachosha. Furu, wale samaki wadogo! Ziwa letu Victoria lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, na furu wakazuka aina zaidi ya mia tano. Mmoja anakwangua mwani kwenye jiwe, mwingine anavunja konokono, mwingine anakula wenzake. Ukiwaona huwezi kuwachanganya. Vinasaba vyao sasa, ukichukua alama moja mbili hizi za kawaida, wote ni kama mapacha. Hawajapata muda wa kutofautiana. Hiyo COI mnayoisifia kwa wanyama, ije hapa soko la samaki la Mwaloni ituambie.

Hapo ndipo niliposhika kwamba DNA ni saa, sio kitambulisho. Inapima muda tangu mlipoachana.

DamuYaMaabara
FuruMkavu umepiga mulemule. Kwa furu ilibidi watu wasome jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, ndipo wakaanza kuona mipaka. Na mimea hali ni hiyo, siku hizi wengi wanahamia kusoma mamia ya jeni kwa mpigo badala ya alama moja.

Mlenda je, kuna aliyewahi kuutoa vinasaba? Ule ute unakuja na vinasaba vyenyewe, unapata uji. Niliwahi kulia.

Kalamu_ya_Nyegezi
Kuna hili nalo. Magugumaji. Nimekua nayaita Eichhornia crassipes, mtihanini nikaandika hivyo nikapata. Mwaka 2018 yakahamishiwa jenasi ya Pontederia, kwa sababu mti wa ukoo uliotokana na vinasaba ulionyesha Eichhornia haikuwa ukoo mmoja, Pontederia ilikuwa imeota katikati yake. Kichekesho ni kwamba Pontederia crassipes ndilo jina alilopewa mwanzo kabisa katika karne ya 19. Kaenda kutembea kwa jina la watu, karudi kwao.

Na nilisoma AFLP zilizofanywa kwenye magugumaji ya nchi nyingi: nje ya kwao Amerika Kusini, sehemu kubwa ni nakala ya mmea mmoja. Halihitaji mbegu, linakatika linaelea linaendelea. Yaani lile zulia la kijani linalokwamisha mitumbwi pale ufukweni, unaweza kuta ni "mtu" mmoja.

Kitororo
Mtu mmoja anatusumbua mkoa mzima 😂

Mwl_Sengerema
Na migunga. Acacia zetu zote sasa ni Vachellia au Senegalia. Vinasaba vilionyesha Acacia ni koo kadhaa tofauti, lazima zigawanywe. Hapo sawa. Lakini jina "Acacia" libaki kwa nani? Hilo vinasaba havikujibu, lilipigiwa kura. Mkutano wa wataalamu wa mimea, Vienna 2005, ukathibitishwa Melbourne 2011, jina likaenda kwa miti ya Australia. Afrika tukabaki na miiba.

JiweJuuYaJiwe
Hata miti inaibiwa jina. Aisee.

DamuYaMaabara
Sasa nimrudie mleta mada, maana nahisi ana la moyoni na hajalisema. Mkuu, mngetumia AFLP mkawa na mistari yenu safi, mngekuwa na jibu. Hayo magazeti na kubana mimea ni mambo ya zamani. Kubali.

MtotoWaMboga
Sikubali, na nitakupa mfano wa mnavu wenyewe, wa Mtanzania mwenzetu.

Mtaalamu Manoko alifanya kazi hiyo hiyo ya AFLP kwa minavu ya Afrika. Mwaka 2007 yeye na wenzake wakachapisha kwamba mistari inaunga mkono kuwatenganisha nodiflorum na americanum, kwamba ni spishi mbili. Mistari safi, kama unavyotaka. Mwaka 2018 Särkinen na wenzake wakapitia minavu yote ya Dunia ya Kale (yaani nje ya Amerika), wakafungua makabati ya hebaria, ghala za mimea mikavu, wakawarudisha pamoja kuwa americanum mmoja. Mistari haikuwa ya uongo. Tofauti ipo. Swali ni kama tofauti hiyo inatosha kuitwa spishi, na hilo hulipati kwenye jeli, unalipata ukiweka mbele yako mimea mikavu ya Afrika, ya Amerika, ya visiwani, uone kama kuna pengo au ni ngazi zinazopandana.

Na waliwezaje kurudia kuipitia? Kwa sababu kila namba ilikuwa na mmea wake uliobanwa, umekaa kabatini. Leo ukibisha, unakwenda unautoa.

Huyo huyo Manoko mwaka 2012 akatangaza mnavu mpya kabisa wa seti nne, Solanum umalilaense, jina la Umalila kule Mbeya. Huwezi kutangaza spishi mpya kwa mistari ya jeli. Sheria ya majina ya mimea inadai mmea mmoja mkavu uwe ndio kielelezo cha jina, uwekwe mahali watu wataukuta. Sasa fikiria ule wetu wa chungwa wa Igombe. Pengine ulikuwa villosum wa kawaida tu. Pengine. Kilichobaki ni unga wa jani kwenye kichupa, wenye doa la bluu badala ya namba, na nyumba ya mtu juu yake. Hata ukisoma jenomu yake yote leo, huna pa kuibandika.

DamuYaMaabara
...
Sawa. Hiyo ya nodiflorum nilikuwa sijui ilirudishwa. Nakubali nusu: gazeti bila vinasaba nalo limewachanganya watu na minavu hii kwa karne mbili, kila mwenye jani la meno akapewa jina jipya.

MtotoWaMboga
Hiyo nusu naipokea. Jani la mnavu likiota kivulini na likiota juani utadhani ni mimea miwili.

Shemeji_wa_Magu
Wakuu samahani, mimi nilikuja kwa jambo moja. Mke wangu alisoma kwa simu kwamba mnavu ni belladona inaua, kagoma kupika. Nimwambie nini?

Mwl_Sengerema
Mwambie huyo ni mmea mwingine, jenasi nyingine, Atropa, wa huko Ulaya na Asia. Majina ya Kizungu ndiyo yanafanana. Tunda la Atropa linakaa moja moja na lina majani kama nyota chini yake, la mnavu linakaa kwa vishada. Apike majani, ayaive vizuri, matunda mabichi atoe.

Shemeji_wa_Magu
Wabeja sana mwalimu.

Kalamu_ya_Nyegezi
Swali kwa mleta mada, mtu wa kawaida anaweza kwenda kukusanya tu? Nina kijana wangu chuo.

MtotoWaMboga
Kwa kula, chuma. Kwa utafiti kuna kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na sampuli zikivuka mpaka kuna makaratasi mengine. Aanze na msimamizi wake, asianze na silika.

UkereweKwetu
Nimesoma wote kimya kimya. Mleta mada, mnavu wa tunda la chungwa ninao. Uko nyuma ya jiko la bi mkubwa, umeota kwenye jivu, umefika magotini. Juzi kuku wameanza kuyala matunda. Sijui kama ndio huo.

MtotoWaMboga
Mkuu usiguse! Una ua bado?

UkereweKwetu
Maua meupe kama matano hivi. Yaliyoiva ni mengi, yanaonyesha mpaka mbegu ndani kwa mwanga.

MtotoWaMboga
Zungushia miiba kuku wasiingie. Nakuja Jumamosi na meli ya asubuhi. Naleta magazeti, mbao mbili na mkanda. Dada yule nimeshamtumia ujumbe, kajibu kwa sauti ya dakika nne, nusu yake anacheka.

UkereweKwetu
Karibu. Ila hapa kwetu unyevu ni balaa kuliko Igombe, tumezungukwa na maji.

MtotoWaMboga
Nina penseli tatu.